Miguu Iliyobadilishwa: Kulisoma Gari la Mtumba Kabla ya Kulilipia

Gari la mtumba linalomfikia mnunuzi wa Kimisagara, mtaa wetu wa Kigali, huwa limeshaishi maisha mawili. Ya kwanza ni ya Ubelgiji, Ujerumani, Korea Kusini, Marekani au Ghuba, mikononi mwa mtu aliyelinunua kwa mahitaji yake mwenyewe. Ya pili ni mafupi zaidi: majuma baharini, bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, safari ndefu ya barabara hadi mpaka wa Rusumo au Gatuna, kisha siku kadhaa ndani ya gereji ambako mtu mwingine amelitengeneza ili liuzike. Katika maisha yote hayo, sehemu inayobadilishwa kwa urahisi na kufichika kwa urahisi ni miguu: shokapu, springi, bushi, boljointi na mikono inayoshikilia magurudumu. Rangi ya bodi inaonekana kwa mbali na injini inasikika ikiwashwa, lakini miguu imekaa gizani nyuma ya tairi, na wanunuzi wengi hawainami kuitazama.

Niseme mapema ninakosimama. Shokapu au springi ambayo haikutoka na gari kiwandani si ugonjwa. Seti kamili ya Eibach au Bilstein, iliyofungwa na fundi aliyejua kazi, ni bora kuliko shokapu za kiwandani zilizokwisha baada ya kilomita laki mbili. Lakini kipande cha mpira kilichosukumiwa katikati ya mizunguko ya springi ili gari lionekane refu nacho si cha kiwandani, na hicho kinaweza kumgharimu mtu breki zake. Kwa hiyo jibu la "ni ya asili" au "si ya asili" halitoshi. Mnunuzi anatakiwa kujua nani alibadilisha, kwa sababu gani, na kama sehemu nyingine za gari zilirekebishwa ziende na badiliko hilo.

Rwanda ina hali yake katika jambo hili. Hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu mwaka 2005 serikali ilizuia kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia. Mkondo mkubwa wa magari ya Japani unaojaza yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala haujawa wetu kwa kiwango hicho. Pamoja na magari hayo, tumeikosa pia karatasi ya mnada wa Japani, ambamo mkaguzi wa mnada huandika hali ya gari na mara nyingi hutaja vifaa visivyo vya kiwandani. Mnunuzi wa Nairobi anaweza kuomba karatasi hiyo kabla hajatuma hata shilingi. Mnunuzi wa Kigali hutafuta ushahidi wake kwingine, na mwingi uko ndani ya gari lenyewe.

Karatasi hata hivyo zipo, kwa gari la Ulaya hasa. Ujerumani ni nchi kali kwa mabadiliko ya miguu. Mtu akishusha gari lake kwa springi fupi, sehemu hizo lazima ziwe na kibali, na mara nyingi badiliko huandikwa kwenye hati ya usajili, katika kisanduku cha 22 cha maelezo ya ziada. Muuzaji akiwa na nakala ya hati ya Kijerumani, soma kisanduku hicho. Ukiona neno "Fahrwerk", yaani mfumo mzima wa miguu, au "Federn", yaani springi, likifuatwa na jina la kampuni na namba, umeshajibiwa nusu ya maswali: badiliko lilifanyika kihalali, na unajua kifaa gani cha kutafuta chini ya gari. Kama hati inataja springi za H&R na chini ya gari unakuta springi nyeusi zisizo na jina, basi kuna mkono mwingine uliopita baadaye. Kwa gari la Ubelgiji, Car-Pass, cheti kilichoanza Desemba 2006, huonyesha historia ya kilomita. Hakisemi lolote kuhusu shokapu, ila shokapu zinazong'aa chini ya gari la kilomita 240,000 ni jambo la kuuliza, kama vile shokapu zilizochakaa chini ya gari linalodaiwa kutembea 60,000.

Magari ya Volkswagen, ambayo si machache Kigali, yana msaada ambao watu wengi hawaujui. Ndani ya buti, chini ya zulia au karibu na tairi la akiba, hubandikwa karatasi nyeupe yenye safu za herufi na namba. Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani. Humo 1BA ni miguu ya kawaida na 1BE ni miguu ya michezo iliyofungwa kiwandani. Gari lililokaa chini likiwa na 1BE huenda halijaguswa kamwe, na lililokaa chini likiwa na 1BA limeguswa, au springi zake zimechoka. Mercedes-Benz nayo hutunza orodha ya namna hiyo kwa kila namba ya chasisi, na humo 489 ni miguu ya hewa. Kwa Toyota, namba za vipuri husaidia: shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya mbele kushoto 48520, springi ya mbele 48131 na ya nyuma 48231. Ukipata namba ya chasisi, duka lenye orodha ya vipuri litakupa namba kamili ya kulinganisha na iliyogongwa kwenye chuma, kama kutu haijaila.

Baada ya karatasi, vaa nguo usiyoihurumia.

Kazi ya kwanza ni kupata ardhi tambarare, na Kimisagara haina nyingi. Mtaa wetu umeshikilia ubavu wa mlima, vichochoro vyake vinateremka kuelekea Mpazi na Nyabugogo, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko hutupa uzito upande wa chini. Vipimo utakavyochukua hapo vitakudanganya, na dalali mjanja anaweza kuchagua mahali pa kukuonyeshea gari. Omba mwende kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Toa mizigo yote, linganisha upepo wa matairi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi kubwa au dogo litabadilisha jibu. Kushoto na kulia vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna springi iliyochoka, iliyovunjika, au iliyobadilishwa peke yake. Ukiweza kupima gari jingine la aina na mwaka uleule, hata la jirani, utajua pia kama hili limeinuliwa au kushushwa. Uwe mwangalifu tu: baadhi ya viwanda hutengeneza toleo la juu zaidi kwa nchi za barabara mbaya, kwa hiyo gari refu si lazima liwe limechezewa.

Halafu pinda usukani hadi mwisho, washa tochi, na tazama ndani ya gurudumu. Rangi ndiyo inayogonga macho kwanza. Springi za kiwandani kwa kawaida ni nyeusi au kijivu zenye madoa madogo ya rangi ya kuzitambulisha. Springi nyekundu zaweza kuwa Eibach, shokapu za njano zaweza kuwa Bilstein, Koni ya michezo au Old Man Emu ya magari ya porini, na kijani hupendwa na Tein ya Japani. Lakini rangi hupakwa na mtu yeyote mwenye kopo na brashi, na jina nalo halithibitishi kitu peke yake. Bilstein na Sachs hupelekea viwanda vya magari shokapu zao, na KYB, ambayo mafundi wa ukanda huu wengi huiita Kayaba, ni miongoni mwa wanaozitengenezea Toyota. Jina la KYB kwenye shokapu laweza kuwa la siku gari lilipozaliwa, la kipuri halisi kilichonunuliwa baadaye, au la bandia. Tazama ubora wa maandishi, namba iliyogongwa kwenye chuma na tarehe. Karatasi ya kubandika peke yake ni ushahidi mwepesi. Ukiona mwili wa shokapu una nyuzi kama za boliti kubwa na pete mbili za kubana springi, hiyo ni shokapu ya kupandisha na kushusha. Ni kifaa cha bei, lakini kikikaa miaka kwenye chumvi inayomwagwa barabara za Ulaya wakati wa baridi, pete hugandamana na nyuzi, na hutaweza kuirekebisha tena.

Kitu ninachokiamini kuliko rangi ni ulinganifu. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Shokapu moja mpya upande wa kulia na kuukuu upande wa kushoto karibu kila mara ina hadithi ya kishindo: gari liligonga ukingo wa barabara, lilitumbukia shimoni, au lilipata ajali. Fuata upande huo huo ukitazama mkono wa chini, tairodi, kingo za madigadi na boliti za boneti. Gari la Ubelgiji lenye kutu ya kawaida chini kote halafu boliti tano zinazong'aa kuzunguka gurudumu moja limeshakuambia lilipofunguliwa. Na ukikuta sehemu yote ya chini imepuliziwa rangi nyeusi mbichi, springi, shokapu, bushi na hata mipira ya kuzuia vumbi, muuzaji hakuwa anazuia kutu. Mpira haupati kutu.

Springi iliyokatwa inastahili maneno yake. Kijana wa Ulaya aliyetaka gari la chini na hakuwa na fedha za springi fupi alikata mzunguko mmoja kwa grainda au kwa moto. Utaitambua mwishoni mwake: springi ya kiwandani humalizika kwa umbo lililokusudiwa, limelazwa au limekunjwa ili likae kwenye kikalio chake, na iliyokatwa ina ncha butu inayoelea. Ikikatwa kwa moto, chuma karibu na ncha hubadilika rangi na kupoteza ugumu wake. Gari likiinuliwa kwa jeki, springi iliyokatwa hulegea na kucheza mahali pake, ilhali inayofaa hubaki imebanwa kidogo. Wengi hudhani kukata kunashusha gari tu. Kunaligeuza pia kuwa gumu, kwa sababu ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukitoa mmoja katika sita, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Unene wa waya una nguvu zaidi: mizunguko na upana vikibaki vilevile, kutoka milimita 12 kwenda 13 huongeza ugumu kwa karibu asilimia 38. Ndiyo maana desturi ya kufunga springi za gari kubwa chini ya gari dogo, "ili lisichoke", huzaa gari linalorukaruka. Shokapu iliyopimwa kwa springi ya kwanza haiwezi kuishika springi mpya inaporudi, na tairi huachana na lami kwa sekunde ndogo ambazo mtu huzihitaji anapofunga breki.

Huku kwetu, hata hivyo, kuinua ndiko kulikoenea zaidi. Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam na Kigali, gari dogo lililokuja chini sana huwekewa spesa: kipande cha chuma, plastiki au mpira juu ya springi, au mpira uliobanwa katikati ya mizunguko. Sababu inaeleweka na simlaumu mtu anayeishi juu ya njia ya mawe yenye matuta. Tatizo ni kinachofuata baadaye. Mkono wa chini sasa unaning'inia kwa pembe kali, boljointi inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, sivijointi inazunguka ikiwa imepinda, hozi ya breki na waya wa ABS vimevutwa, na shokapu imebaki ileile ya urefu wa zamani, sasa karibu imenyooka yote. Angalia hozi usukani ukiwa umepindwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto: isivutike wala isisugue chuma. Kwa mpira wa katikati ya springi, tazama mzunguko ulioshikwa. Mzunguko huo haufanyi kazi tena kama ilivyokusudiwa, inayobaki inabeba zaidi, na springi huvunjika hapo pembeni.

Kwa anayenunua Hilux au Hiace ya miaka ya nyuma kwa ajili ya biashara, kuna sehemu moja ambayo ningependa kila dereva aishike kwa mkono wake. Nyuma, kati ya bodi na ekseli, magari mengi ya aina hiyo yana valvu ndogo yenye fimbo. Mzigo ukiishusha bodi, fimbo husukuma valvu na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nguvu hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa mtu ameongeza majani ya springi au ameweka spesa, na nyuma imepanda sentimita tano. Valvu inaona gari tupu siku zote. Gari lenye tani moja ya mifuko ya saruji linateremka kutoka Nyamirambo kupitia Kimisagara hadi Nyabugogo, breki za nyuma zinafanya kazi kidogo, za mbele zinabeba kila kitu na kupata moto. Fundi makini aliyeinua gari huirefusha fimbo au kusogeza kishikio chake. Asiye makini huiacha, na wengine huikata au kuifunga kwa waya. Gari kama hilo halifai kununuliwa kabla ya kurekebishwa, hata kama bei yake ni nzuri.

Magari ya kifahari yaliyotoka na miguu ya hewa, Range Rover na baadhi ya Mercedes, hupoteza mifuko yake ya hewa kwa uzee, na mtu huweka springi za chuma badala yake. Hilo laweza kuwa uamuzi wa busara, ila swichi ya kupandisha gari inakuwa imekufa na taa ya onyo imezimwa kwa njia fulani. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya onyo ya miguu isipowaka hata kidogo pamoja na nyingine, imeondolewa.

Inafaa pia kuhakikisha kwamba gari lenye usukani wa kushoto lilizaliwa hivyo. Yapo magari ya Japani yaliyohamishiwa usukani. Taa za mbele zina siri hapo: za nchi zinazoendesha kulia hurusha mwanga juu kidogo upande wa kulia, na taa za Japani hurusha kushoto. Waipa zinazofagia kuelekea upande usiofaa, au matundu yaliyozibwa kwenye ukuta wa injini, huongeza shaka. Kwenye gari la namna hiyo, rangi ya springi inakuwa jambo dogo sana.

Kisha endesha. Milima yetu, inayochosha magari, ni chombo kizuri cha kupimia. Pita kwenye mawe polepole, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa, na usikilize ni lini gari linagonga miguu. Mlio wa kugonga unaotokea gurudumu linapopanda juu ya tuta mara nyingi ni wa gari lililoshushwa, shokapu ikifika mwisho wa chini. Unaotokea gurudumu linapoanguka baada ya tuta ni wa gari lililoinuliwa, shokapu ikinyooka hadi mwisho wa juu. Tofauti hiyo ndogo inasema mengi kuliko kubonyeza kona ya gari kwa mikono, jaribio ambalo hukamata tu shokapu iliyokufa kabisa. Pinda usukani wote na uondoke taratibu: mlio wa tik-tik ni sivijointi. Geuza usukani gari likiwa limesimama: mlio wa chuma kinachojikunja na kuachia ni springi isiyokaa vizuri au beringi ya juu ya shokapu. Tairi lililolika ukingo wa ndani husema gari limekaa chini au limepinda, na lililolika kwa mabonde mabonde husema shokapu hazifanyi kazi. Matairi yote yakiwa mapya, uliza yale ya zamani yako wapi. Muuzaji mkweli atakuwa na jibu.

Dalali atakuambia gari lilipita ukaguzi wa polisi wa Remera, na huenda ni kweli. Ukaguzi huo una faida kubwa kwa usalama wa nchi, na cheti chake ni cha thamani. Lakini hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Haukukusudiwa kukuambia nani alifunga springi zile na kama zitadumu mwaka mmoja kwenye mawe ya Kimisagara. Hilo ni swali la mnunuzi, na anahitaji fundi wake mwenyewe wa kulijibu, anayelipwa na yeye, si yule aliyekuja pamoja na dalali. Ng'ambo ya Nyabugogo, Gatsata imejaa gereji na maduka ya vipuri. Pita huko kabla ya kutaja bei, uliza seti kamili ya gari lile ni kiasi gani, shokapu nne, springi nne, beringi na mipira ya juu, pamoja na ufundi, uwe na namba hiyo mfukoni mnapokaa kuzungumza.

Na kabla fedha hazijabadilisha mikono, omba gari lipimwe alaimenti kwenye mashine ya kompyuta na upewe karatasi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari. Magurudumu yakiwa yameelekezwa vibaya tu, fundi atayarudisha palepale. Lakini mlalo wa gurudumu moja ukitofautiana na wa mwenzake kwa zaidi ya digrii moja, na boliti za kurekebishia zimeshafika mwisho, basi shokapu, mkono au chasisi upande huo imepinda, na springi mpya zilifungwa juu ya jeraha hilo. Hapo mazungumzo ya bei ya springi hayana maana tena, mpaka muuzaji aeleze gari liligongwa wapi.